Punje Thelathini na Tatu za Mama Hawa

Jumanne, Kindu. Mvua ya asubuhi imekatika, tope limebaki mlangoni, na mimi nasikia kinyaa tangu sahani za mchana ziondolewe.

Si kinyaa cha chakula. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa nzuri. Kinyaa ni cha mimi mwenyewe.

Zaina, mtoto wa dada yangu, iko anamaliza masomo ya redio kule Kisangani. Amekuja na karatasi za memwari yake, kile kitabu cha kumaliza shule. Kinahusu redio zinazojitafutia njia tupu hewani: zinasikiliza kwanza kama njia ina mwenyewe, ndipo ziseme. Shida njo kusikiliza kwenyewe. Ukisikiliza sana, betri inakufa. Ukisikiliza kidogo mno, unamkanyaga mwenzako.

Nilicheka. Nikamwambia mambo hayo niliyamaliza mimi wakati wa vita, na sekondari sikuimaliza.

Si uongo wote. Foni ilikuwa kwetu kweli, ile redio ya kuitia miji ya Kama na Kibombo, na betri ya gari chini ya meza. Watu walijaa mlangoni kuulizia ndugu zao. Kabla ya kusema ilibidi usikilize, maana askari walipita katika njia zilezile, na aliyewakatiza maneno alifuatwa nyumbani kwake.

Basi nikamsimulia Zaina. Kwamba nilifungua foni kwa mzunguko mmoja wa tasbihi, punje thelathini na tatu tu. Kimya? Nasema langu haraka. Kuna mtu? Nazima, nijaribu njia nyingine baadaye. Betri ikadumu wiki nzima. Nikaongeza na ya kamanda aliyesinzia amebana kifungo cha kusemea, nikamsikia akikoroma, nikangoja ageukie ubavu wa pili ndipo niite watu wa Obokote. Zaina alicheka mpaka akashika tumbo.

Kisha akachukua kalamu. "Mjomba, kwa nini thelathini na tatu? Ulijuaje?"

"Kwa hesabu," nikasema. "Hesabu za kichwa."

Mama Hawa, mke wangu, alikuwa anapakua wali. Alitoa tasbihi yake kwenye msumari, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akatoka.

Zaina ameandika jina langu ukurasa wa mbele. Kesho karatasi zinakwenda kuchapwa.

Jina langu. Ptuu.

Mimi sikuhesabu hata punje moja. Niliacha foni wazi kutwa, nasikiliza vita kama watu wanavyosikiliza mpira, nipate ya kuwahadithia barazani. Mama Hawa njo alifungua kwa tasbihi, anazima, anatwanga, anarudi. Kwanza alijaribu punje kumi na moja, akamkatiza askari katikati ya neno, tukajificha porini siku tatu. Aliporudi akasema: mzunguko mzima. Nikamwambia hiyo ni akili ya jikoni.

Na miaka yote hii naisimulia kama yangu, mbele yake, huku ananipakulia.

Mtu anayeoga kila siku anawezaje kunuka hivi?

Zaina, najua unasoma ninayoandika hapa. Futa jina langu. Weka la Mama Hawa, jina lake mwenyewe, Zamuda, usiandike mke wa fulani.

Nimekwenda jikoni kumwambia kwamba nimekwisha kuandika. Alikuwa anasugua sufuria, hakugeuka.

"Na betri umeiandika?"

Nimerudi kukaa. Naiandika.

Haya, Zaina. Kabla ya tasbihi niliua betri mbili. Ya pili ilikufa wakati mama yako anaita kutoka Kama, kuuliza kama barabara iko salama kuja kwetu. Aliita siku mbili, hakuna aliyemjibu, akatoka kwa miguu na wewe mgongoni. Mlifika, Mungu njo anajua vipi. Alipouliza, nilisema radi ilipiga waya. Jioni ile Mama Hawa akatoa tasbihi yake.

Mama yako mpaka leo anasema ilikuwa radi.

Simu yangu imejaa umeme, na hewani hakuna wa kunikatiza. Nampigia sasa.