Viroba Nilivyokuamuru Uvishushe

Mdogo wangu Spesioza,

Daktari ameniambia nirudi nyumbani nikale ninachokipenda. Wewe na mimi tuliwauguza wazazi wetu wote wawili, tunajua maana ya maneno hayo. Ndiyo maana naandika sasa, mistari michache asubuhi na mingine baada ya uji, kabla mkono haujakataa kabisa. Wewe ulitangulia mwaka jana, na barua hii haitakufikia. Naiacha wazi waisome waliokujua, hasa uliowafundisha kule Nyantakara, kwa sababu kosa ninalotaka kulikiri liliwaangukia wao pamoja na wewe.

Unaikumbuka Krismasi ile uliyokuja kwangu Kibimba na jogoo kwenye kikapu? Uliingia stoo kuchota maharage, ukakuta maboksi manne yamefungwa kwa gundi ya karatasi. Ulitoka na ungo mkononi.

"Kaka, yale maboksi ni ya nani?"

"Ya shule yenu. Ni vitabu vya hadithi."

"Shule yetu ipi? Hii isiyo na kitabu hata cha kufunikia uji?"

"Hiyo hiyo. Lakini bado. Mtayapata utafiti ukiisha."

Nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu wakati ule, nasoma shahada ya juu, na kifua kimenijaa. Nilikueleza mpango wangu kwa raha. Shule moja hapa Kibimba ilikuwa imepewa vitabu vya darasa la pili, na walimu wake wamefundishwa kuvitumia. Shule yako isingepata kitu kwa miaka miwili. Mwishoni ningewapima watoto wa pande zote mbili kusoma, nikaseme bila shaka yoyote kwamba tofauti imeletwa na vitabu. Ulisikiliza huku unachambua mawe kwenye maharage.

"Kwa hiyo kazi yetu sisi ni kukosa," ukasema, "na kazi yako ni kutazama tunavyokosa."

"Hiyo ndiyo sayansi, mwalimu."

"Haya, bwana sayansi. Basi leo wewe kula maharage na mawe yake, mimi nile yaliyochambuliwa, tulinganishe."

Tulicheka mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni. Sikujua kwamba wewe ulikuwa hucheki.

Muhula uliofuata nilikuja Nyantakara na pikipiki ya chuo kukaa darasani mwako. Nilipoinama mlangoni sikuamini macho yangu. Kuta zote zilikuwa zimefunikwa viroba vyeupe vya sembe, vimepasuliwa, vimefuliwa na kutundikwa kwa kamba za katani. Ulikuwa umeviandika kwa mkaa wa betri kuukuu, herufi kubwa za duara kama zile tulizofundishwa na masista. Na zile hazikuwa sentensi za mtaala. Zilikuwa habari za watoto wenyewe.

Nilikaa dawati la nyuma na fomu zangu na saa. Kila baada ya dakika chache nilitakiwa kuweka alama: mwalimu anazungumza, wanafunzi wanarudia, wanafunzi wanasoma. Ulimsimamisha binti mmoja asimulie. Alianza kwa Kisubi, mwingine akadakia kwa Kisukuma kwamba si hivyo, wakabishana, nawe ukawasaidia kuyaweka kwa Kiswahili, ukaandika palepale wanapoona. *Nguruwe pori amekula mihogo ya bibi. Bibi amemfukuza kwa mwiko. Nguruwe amekimbia na mwiko.* Darasa likalipuka. Wa nyuma walipanda juu ya madawati ili wasome. Wakasoma tena na tena, mmoja mmoja, na kidole hewani, kila mmoja akitaka kuufikia mwiko. Safu yangu ya "wanafunzi wanasoma" ilijaa mpaka nikakosa nafasi.

Mtafiti mwenye akili timamu angesema: hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mimi nilishikwa na hofu. Kama wako wangesoma sawasawa na wa Kibimba, tofauti yangu ingekuwa wapi? Nyumbani sura mbili za mwanzo za ripoti zilikuwa zimeshaandikwa, na moyoni hata ya mwisho nilikuwa nimeshaiandika.

Watoto walipotoka mapumziko nilikuita.

"Spesi, vishushe hivi viroba."

"Unanitania."

"Shule ya kulinganisha inafundisha kama kawaida. Ubao na chaki. Utaniharibia utafiti."

"Na hawa watoto wewe unawaharibia nini?"

"Ni mwaka mmoja na miezi tu."

"Kaka, unaniomba au unaniamuru?"

"Nakuamuru."

Nataka neno hilo liandikwe kwa mkono wangu. Katika ripoti niliandika kwamba "hali ya ufundishaji ilirejeshwa kuwa ya kawaida", kana kwamba ilijirejesha yenyewe. Sikuwa bosi wako. Mwajiri wako hakujua lolote. Nilitumia ukaka. Nilijua kwamba baba alipotaka uolewe baada ya darasa la saba, mimi ndiye niliyesimama, nikakushika mkono, nikakupeleka masomoni, na kwamba tangu siku ile hukuwahi kunikatalia jambo. Ulipanda juu ya dawati ukafungua kamba mwenyewe. Uliukataa mkono wangu nilipotaka kukusaidia.

Watoto walirudi wakakuta kuta tupu. Yule binti wa nguruwe aliuliza, "Mwalimu, tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu. Kaeni."

Nami nikageuza ukurasa wa fomu, nikaendelea kuweka alama.

Matokeo yalikuja kama nilivyoyatamani. Wa Kibimba walisoma, wako walijikwaa. Tulikutana na walimu mjini Biharamulo, nikasoma muhtasari kwa sauti, nikafika kwenye sentensi hii: "Mwalimu wa shule ya kulinganisha hakuonyesha ubunifu katika kutengeneza zana za kufundishia." Ulikuwa safu ya tatu, na ukumbi mzima ulijua mwalimu huyo ni nani. Hakuna aliyenitaka niandike sentensi hiyo. Nadhani niliogopa mtu asije akauliza kwa nini watoto wako wameanguka kiasi kile baada ya kuanza vizuri, nikatafuta jibu ambalo si mimi. Ulikunja kitenge chako ukaenda kutafuta gari la kurudi.

Wiki ile maboksi yaliletwa shuleni kwako. Vitabu vya darasa la pili, na wao wameshafika la nne. Ulinishukuru mbele ya wazazi.

Baada ya hapo hukuwahi tena kuzungumza nami habari za shule. Ulikuja arusini, ulikuja misibani, ulinipikia ndizi kama ninavyozipenda. "Shikamoo kaka." Nami nikaitikia marahaba, miaka nenda rudi, kama mtu anayestahili. Niseme ukweli wote, Spesi: nimekukasirikia hata wewe. Kwa nini ulinitii? Wewe uliyemjibu paroko mbele ya kanisa zima, ulishindwa nini kunifukuza darasani mwako? Ungevitundika tena viroba vyako mara vumbi la pikipiki yangu lilipotulia. Halafu najisikiliza, mzee wa kufa kesho, bado natafuta namna ya kukugawia kosa langu.

Ulipofariki nilidhani jambo limezikwa. Kisha akaja mtafiti kijana na kishikwambi chake, binti mwenye adabu, kunihoji habari za ufundishaji wa zamani. Akaniambia kwa heshima, "Mzee, ripoti yako tuliisoma chuoni. Ile sehemu ya walimu wa vijijini kukosa ubunifu imetusaidia sana." Nilimshika mkono nikamweleza yote. Alisikiliza, akaacha kuandika.

"Pole, mzee. Lakini nikiyaweka haya, msimamizi wangu ataniuliza chanzo."

"Chanzo ni mimi! Ndiye niliyeiandika."

"Ripoti ndiyo chanzo, mzee. Wewe sasa ni mazungumzo."

Niliandika ofisi ya chuo inayotunza ripoti kuomba sentensi ile isahihishwe. Nikajibiwa kwamba ripoti za zamani hazina utaratibu wa kusahihishwa, na kwamba wananitakia afya njema. Niliandika tena. Sikujibiwa. Maisha yangu yote nimewafundisha walimu kwamba kosa la mtoto lisahihishwe siku ileile, daftari lisilale. Langu limelala mpaka limekuwa ukweli.

Basi mwezi uliopita mkwe wangu alinipakia kwenye gari lake la ndizi, tukaenda Nyantakara. Kila shimo la barabara nililisikia mbavuni. Mwalimu mkuu, kijana ambaye hakukukuta kazini, alinipa kiti kivulini mwa darasa, akawaita wazazi waliosoma kwako. Wengi wana watoto hapo hapo. Walitoka moja kwa moja mashambani, majembe wakayaegemeza ukutani. Nikawaambia vilevile nilivyokuandikia hapa, pamoja na neno lile la kuamuru.

Mwanamume mmoja alicheka bila furaha. "Kumbe tulikuwa shamba darasa," akasema. "Tena ule upande usiowekwa mbolea."

Kisha mama mmoja akasimama. Alipoanza kusema nilimtambua: yule binti wa nguruwe.

"Mzee, matokeo yale yalisomwa hapa mstarini. Tangu siku hiyo tuliitwa darasa la wazito. Mimi niliacha la tano. Nilimwambia mama asihangaike na sare, kichwa changu hakishiki. Na mpaka leo asubuhi nilikuwa naamini hivyo."

Nilisema naomba msamaha.

"Msamaha ungemwomba mwalimu akiwa hai. Mimi nataka urudie. Pale uliposema tulikuwa tunasoma."

Alikwenda madarasani, akarudi na binti yake amemshika bega, akamsimamisha mbele yangu. Nikajiinua kutoka kwenye kiti, kwa sababu jambo hilo halisemwi mtu amekaa. Nikarudia: mama yako alikuwa anasoma vizuri, na darasa lake lote, mpaka nilipokuja mimi. Mtoto alimtazama mama yake badala ya kunitazama mimi.

"Sasa andika," mama yule akasema. "Maneno yanaondoka na gari."

Mwalimu mkuu hakuwa na fomu ya jambo kama hilo, ila alikuwa na kitabu cha wageni. Tarehe, jina, utokako, maoni. Safu ya maoni inatosha maneno matatu, ndiyo maana wageni wote wameandika "Kazi ni nzuri." Nilivuka mistari nikachukua ukurasa mzima. Niliandika polepole, nao walisimama wakisubiri, hakuna aliyenihimiza. Mwalimu mkuu aliusoma kwa sauti hadi mwisho, akauliza kama kuna jambo lililosahauliwa, kisha akagonga muhuri wa shule.

Spesi, ripoti bado iko ilipo. Hapa lakini imeandikwa, na inasomeka hivi: "Mwalimu Spesioza alifundisha vizuri katika shule hii, na watoto wake walisoma. Aliyemzuia ni mtafiti. Mtafiti ni mimi."

Lala salama, mwalimu. Tukikutana, nitaanza mimi kusalimia.

Kaka yako