Karatasi kwenye Kioo cha Pikapu Yangu

Shoga, leo Jumanne tarehe 14, asubuhi ya manyunyu, natoka gereji sasa hivi.

Unajua mume wa dada yangu, yule fundi, mwezi mzima ananiambia pikapu inayotulisha imekufa injini. "Shemeji, usihangaike kuitengeneza. Niachie hicho chuma chakavu, utafute nyingine." Nikafunga siku tatu nikimwomba Mungu anionyeshe.

Leo nimeikuta gerejini kwake imeoshwa, ina karatasi kwenye kioo cha mbele. Nikamuuliza imeandikwa nini.

"Namba ya foleni tu, shemeji."

Nikaisoma polepole, kama tunavyosoma jioni kwenye darasa la watu wazima. INAUZWA. INJINI NZIMA.

Injini nzima, shoga! Ameibandika mbele ya macho yangu, akidhani sijui kusoma! Habari za darasa sikuwahi kumwambia.

Nikairudia kwa sauti. Mafundi wote wakaacha kazi. Mmoja akacheka, "Bosi, leo umepatikana!" Mwingine akaninong'oneza, "Mama, kilichoharibika ni pampu ya mafuta tu."

Basi nikasema mbele yao wote: "Mungu ananisikia, na nyinyi mnanisikia. Pikapu yangu nitaitengeneza, ila mkono wa shemeji hautaigusa tena."