Nikiingia, Wananyamaza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na usinicheke, maana mume wangu ameshanicheka vya kutosha. Mimi ni naibu mkuu wa chuo kikuu, nasimamia taaluma, na tangu niteuliwe nina ndoto moja tu, kwamba watu wa chuo hiki waishi kama watu wanaojuana, kwa sababu sasa hivi mwalimu wa hesabu na mwalimu wa historia wanapishana kwenye ngazi kama wapangaji waliogombana, wanafunzi nao wanatukwepa, nami nakumbuka nilipokuwa mhadhiri kijana tulivyokuwa tukibishana kwenye chumba cha chai mpaka vikombe vinapoa, yaani nazitamani zile kelele hadi kifua kinauma. Basi nikaomba ukumbi mdogo karibu na maktaba, nikaweka viti na chai, kila Alhamisi nikawaita wote, wahadhiri, wanafunzi, wafanyakazi, waje tuzungumze, na ili mambo yaende sawa nikaunda kamati, nikateua mshereheshaji, nikaleta kipaza sauti, nami nafungua kwa maneno machache, na kweli wanakuja, wanakaa kwa vyeo, wanapiga makofi, wanaondoka. Sasa baraza la chuo linasema ukumbi usipoonyesha faida utagawanywa kuwa ofisi muhula ukiisha, nikaona bora nitoe amri mahudhurio yawe ya lazima.

Lakini Alhamisi iliyopita nilichelewa, na nilipofika mlangoni nikasikia vicheko, mkutubi anasimulia alivyojifungia ndani ya maktaba funguo zikiwa nje, wanafunzi wanamdakia maneno, mwalimu wa hesabu anacheka mpaka anakohoa, nikafurahi, nikaingia mbiombio, wote wakasimama. Kimya. Mmoja akafuta kiti cha mbele, mwingine akasema, "Karibu Profesa, jamani tuzingatie itifaki," nikapewa kipaza sauti. Nilitaka kulia, mshauri. Nilitaka tu kusikia mkutubi aliokolewaje. Nifanye nini?

Mama Alhamisi

Mama Alhamisi, pole, na ni pole ya kweli, kwa sababu upweke wa mwenye cheo hauonewi huruma na mtu. Ila nikuulize, nani alikudanganya kwamba soga inahitaji mshereheshaji? Umewaita watu wapige gumzo, ukawapangia ratiba kama ya mahafali, halafu unashangaa wanapiga makofi! Na hiyo amri yako ifute kichwani kabisa. Mtu haamrishwi kucheka.

Ndoto yako imeshatimia, dada yangu, tena ilitimia ulipochelewa. Kinachokuuma ni kwamba hukuwamo, na hapo sikulaumu.

Sasa sikiliza. Vunja kamati. Kipaza sauti kirudi stoo. Waambie wajumbe wa baraza waje wasimame mlangoni wasikilize kwa masikio yao kabla hawajaita mafundi. Wewe ingia na birika mkononi, wamiminie wenzako chai, kisha kaa popote penye nafasi, umwombe mkutubi aendelee. Watanyamaza tena, nakuhakikishia. Vumilia, na ole wako ukijaza kimya hicho kwa hotuba.

Itachukua muda, pengine muhula mzima. Lakini iko siku utakuwa katikati ya maneno yako, mwanafunzi atakukatiza, "Hapana Profesa, hapo umekosea," na hakuna hata mmoja atakayeshtuka. Siku hiyo usiniandikie. Utakuwa na watu wa kuwasimulia.