Ua la Mbigili Kitini

Lindridge, 4 Mei

Dada Gillian,

Hamjambo huko Leeds? Mumeo Keith hajambo? Moyo wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila magoti yananilaumu kila Alhamisi, siku yangu ya kujitolea kwenye lile jumba kubwa la kale la maonyesho. Nashinda nimesimama sebuleni nikiwaomba wageni wasiguse vitu. Juu ya kila kiti tumeweka ua kavu la mbigili lenye miiba, mtu asije akakaa. Viti tele, na mzee mzima mimi sina pa kukaa.

Umesema Mama anataka kuliona jumba kabla hajafa. Mlete. Alilifuta vumbi miaka na miaka alipokuwa mtumishi humo, aingie sasa kwa mlango wa mbele.

Mdogo wako,
Nigel

Leeds, 19 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Sisi tupo. Mama anapumua kwa shida, nami nalala vipande vipande.

Si jumba tu analolitaka. Anataka kukalia kile kiti cha buluu cha dirishani, kinachotazama bustani ya waridi. Alikipangusa ujana wake wote, hakukikalia hata mara moja. Nikamwambia hairuhusiwi. Akasema, "Si Nigel ndiye mlinzi wao? Basi aangalie pembeni."

Utaweza? Kama huwezi, nisimchoshe bure na safari.

Dada yako,
Gillian

Lindridge, 8 Juni

Dada,

Mlifika salama? Mama amepata usingizi? Pole kwa kusukuma kile kiti cha magurudumu kwenye changarawe, nilikuona ulivyohema.

Ulipokwenda kununua chai niliondoa ua la mbigili, nikaigeukia saa ya ukutani kama mtu anayesoma habari nzito. Kugeuka, Mama amesimama, anapangusa mkono wa kiti kwa leso.

"Kaa basi, Mama."

"Na sketi hii iliyolowa kwenye benchi la bustani? Nani atakisafisha, wewe?"

Safari yote ile, akarudi bila kukaa. Jioni wasimamizi wakahesabu maua, wakakuta moja limepungua. Wamenihamishia kwenye maegesho ya magari, kwenye mvua, lakini huko angalau kuna kigoda. Hebu angalia kwenye mkoba wake, kwa upole.

Mdogo wako,
Nigel

Leeds, 30 Juni

Mdogo wangu,

Ulirudi salama baada ya mazishi? Magoti je?

Ua lako liko hapa. Sikutaka kukuambia mbele ya watu. Tangu siku ile, kila Mama alipokwenda kulala aliliweka juu ya kiti chake cha jikoni. Keith akalalamika kwamba nyumba yake imegeuzwa jumba la maonyesho. Mama akamwambia, "Na wewe hujakata tiketi."

Alilala akiwa ameliweka, hakuamka kuliondoa. Liko palepale. Keith anakunywa chai amesimama. Paka anakizunguka kiti na kwenda zake. Kila usiku nasema nitaliondoa kesho.

Nimechoka, Nigel. Nimesimama miaka minne nikimuuguza Mama, nataka kukaa. Njoo Alhamisi uliondoe, wewe ndiye unayeijua kazi hiyo.

Mimi nitaangalia pembeni.

Dada yako,
Gillian