Liki za Marehemu Ellis

Hollin Law, Durham
Oktoba 1994

Kaka yangu Cuthbert,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Edna na watoto. Ni matumaini yangu kwamba kifua chako kimetulia, maana baridi ya mwaka huu imetuwahi. Mimi sijambo. Goti linanisumbua nikipanda ngazi, lakini si jambo la kumpigia mtu kelele. Mbwa naye ni mzima, ila siku hizi anambwekea hata mtu wa posta aliye ng'ambo ya barabara. Nadhani nimemwambukiza.

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniomba tena ile mbegu ya vitunguu liki ya baba, nikugawie kabla baridi haijaiua. Umesema Ellis hayupo, na mimi ni mwanamke, klabu ya liki hainipi uanachama, sasa nitaifanyia nini? Nitakujibu, kaka. Ila nivumilie kidogo, kwa sababu kuna mambo ya Ellis ambayo hukuwahi kuyauliza hata siku moja, na leo utayasoma utake usitake.

Wewe ulihamia Corby wakati ule Cinders, bendi ya Ellis, walipoanza kusikika redioni. Ndugu yako ulimwona kwenye magazeti tu: mara kavunja chumba cha hoteli, mara kalala sakafuni Brussels hajijui, mara kapigana na mpiga ngoma wake. Mengine yalikuwa kweli. Mimi ndiye niliyepigiwa simu na polisi, mimi ndiye niliyempelekea pajama hospitalini. Kulikuwa na wakati alikuwa akimeza vidonge vya kumwamsha asubuhi na vya kumlaza jioni, na katikati yake pombe, na watu waliomzunguka wakimpigia makofi. Siku ile alipoacha gitaa jukwaani Birmingham, katikati ya wimbo, alipanda treni na nguo zake za kumetameta, akashuka Durham, akatembea mpaka hapa. Nilipofungua mlango aliniuliza kama kuna chai. Basi. Hakushika gitaa tena mpaka anakufa.

Unakumbuka jinsi kijiji kilivyompokea. Wanaume wa klabu walimwita Bwana Nyota. Akipita, mmoja anajifanya anapiga gitaa kwa chupa ya bia, wengine wanacheka mpaka wanakohoa. Vijana waliompenda walikuja kutoka mbali wakachungulia madirisha yetu na kuiba chupi yangu kwenye kamba wakidhani ni yake. Cheka ukitaka, mimi sikucheka. Ni baba aliyemwokoa. Alimchukua akampeleka bustanini kwake, akampa jembe, hakumuuliza lolote. Na baba alipofika mwisho wake, mbegu ya liki aliyoirithi kwa babu akamwachia Ellis. Najua lilikuuma. Wewe ndiye uliyeshuka naye mgodini miaka yote ile, wewe ndiye mkubwa, halafu kitu pekee alichokuwa nacho cha kujivunia akampa yule aliyekimbilia London. Uliondoka mazishini bila kunywa chai. Nililiona hilo.

Sasa tuje kwenye mwaka huu. Ellis alifariki Februari, ameketi bandani kwake bustanini, trei za miche ya liki mbele yake. Daktari alisema ni moyo. Magazeti yalisema ni madawa, na hapa kijijini wakaamini magazeti. Dukani watu walikuwa wakinyamaza nikiingia. Nikaapa, Cuthbert, kwamba miche ile nitaikuza mimi, na Septemba itawekwa kwenye meza ya maonyesho ya klabu kwa jina lake, waione kwa macho yao. Mlevi wa vidonge hawezi kulea liki nene kama paja la mtoto. Kamati ilibishana weee, mwisho wakakubali kwamba mwanachama aliyekufa bado ni mwanachama mpaka mwaka uishe. Nikachimba, nikamwagilia, nikapima kwa kamba. Sijawahi kutaka kitu maishani mwangu kama nilivyotaka zile liki tatu zifike mezani.

Mwezi Agosti akaja Piers Vennor, yule mwimbaji wa Cinders. Amenenepa, nywele zimekwisha, koti zuri. Alipanga chumba juu ya baa na kila siku akawa anakuja bustanini kuniuliza kama kuna kazi. Nikajiambia, hee, huyu ana lake. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba Ellis alificha nyimbo mpya bandani. Nikajua ndicho kilichomleta. Siku ya kwanza nilimkaribisha chai, na alipoondoka nilihesabu vijiko. Siku nyingine aliomba choo, akakawia. Nikapanda na goti langu bovu polepole nisisikike, nikamkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha Ellis, hakuingia, anatazama tu kitanda. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti kitu. Sikumwamini hata chembe. Mtu atoke kusini na koti lile aje kunichimbia mitaro bure? Nilifunga banda kwa kufuli, na funguo nikaivaa shingoni.

Hata wengine niliwashuku, nisikufiche. Jos Tulip, jirani wa bustani, ambaye liki zake huchukua kombe karibu kila mwaka, alikuwa akipita kwenye ua wetu mara nyingi mno na kusema kwamba zangu zinaendelea vizuri, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Ndiyo maana ulipoandika kwamba utakuja wiki ya maonyesho nilifurahi sana. Nikasema sasa nina mwanamume wa nyumbani, damu yangu, atanisaidia kulinda. Nilikuvulia funguo shingoni nikakupa mkononi.

Ijumaa ile unaikumbuka. Tulikwenda asubuhi kuzing'oa kwa ajili ya mezani. Nilishusha kola ya liki ya kwanza, ile karatasi ngumu inayozungushiwa shina, kwa nguvu bila kuifungua kamba, nikaona. Pale jani la kwanza linapoachana na shina palikuwa na mpasuko mmoja, mwembamba, umechanwa kwa ncha ya kisu. Jos alikuja akatenga majani ya nyingine kwa juu, akakuta vilevile. Zote tatu. Jani likipasuka pale, hata kidogo, jaji haipimi, anaitoa. Mimi nilikaa chini kwenye tope nikalia kama siku tuliyomzika.

Wewe ndiye uliyesema kwanza kwamba ulimwona yule wa kusini akizungukazunguka. Ulisema kwa sauti, mbele ya Jos, ukarudia klabuni mbele ya kila mtu. Na sisi tukaichukua hiyo habari tukakimbia nayo, kwa sababu ilitufaa. Piers alipoingia jioni ile kuulizia liki, Jos alimmwagia bia nzima kifuani. Mwingine akapiga kelele, “Rudi kwenu London, mwizi we!” Na Jos akasema maneno ambayo bado yananilia masikioni: “Mlimla akiwa hai, sasa mmekuja kumla akiwa maiti!” Jos huyo huyo aliyekuwa akimwita Bwana Nyota. Piers alinitazama mimi, akingoja niseme neno. Nikageuza uso. Kesho yake asubuhi alipanda basi, na Jumapili nawe ukaondoka, na ukiwa mlangoni na begi lako ndipo uliponiomba mbegu kwa mara ya kwanza. Ulisema isije ikapotea mikononi mwa wageni. Nikasema nitafikiria.

Kwa wiki kadhaa sikuweza kukanyaga bustani. Mwanzoni mwa mwezi huu nikajikaza, nikasema mtaro usafishwe kabla ardhi haijaganda. Nikaanza kuvua kola zilizobaki za zile liki. Mimi, Cuthbert, kola nazifunga kwa fundo la kamba za viatu, kwa sababu ndilo ninalolijua. Ellis naye alifunga hivyo hivyo. Baba alijaribu kumfundisha lile fundo la mgodini, la kuzungusha mara mbili na kuchomeka ncha chini ili upepo usilishike, Ellis akashindwa mpaka baba akacheka, akamwambia vidole vyake ni vya kuchezea tu. Mimi sikufundishwa, nilikuwa msichana. Jos hafungi kamba kabisa, anatumia mpira wa baiskeli. Na Piers hata jembe alikuwa akilishika kinyume.

Kola mbili zilikuwa zimefungwa kwa fundo la baba.

Niliketi pale nikajaribu kukutetea. Nikasema labda alikuja kunisaidia, akazikaza. Lakini kola zote mbili zilikuwa zimefunika mpasuko, na ungezikaza bila kuuona? Nikasema labda kuna mzee mwingine aliyefundishwa na baba. Nikapita nyumba kwa nyumba, nikijifanya nauliza habari za mgodi, hakuna. Na mgeni mwenye chuki angekatakata bustani nzima. Huyu alijua kwamba mpasuko mdogo unatosha, na alijua ni wapi. Halafu akazifunga tena vizuri. Ulizikata, kaka, na bado hukuweza kuiacha kola ya liki ikilegea. Ulifunga bila kufikiri, kama baba alivyotufundisha, yaani alivyokufundisha wewe. Nikilifikiria hilo nakasirika, na papo hapo nataka kukukumbatia, mjinga wewe.

Lile ulilolitaka nimeshalijua. Kama liki za Ellis zingepimwa na kushinda, mbegu ingekuwa ya Ellis daima, hata kaburini. Zikifutwa, inarudi kuwa mbegu ya baba isiyo na mwenyewe, na wewe uko mlangoni na begi. Miche ya mbegu, ile tunayoiacha itoe mbegu ya mwakani, iliyo kwenye vyungu nyuma ya kioo, hukuigusa hata jani. Kisu chako kilijua pa kupita.

Nilimpigia simu Piers. Nilimwambia kwamba si yeye, na kwamba mimi nimejua. Hakuniuliza ni nani. Alikuja tena, kwa treni, tukanywa chai, na safari hii sikuhesabu kitu. Nikamwuliza sasa aniambie ukweli, nyimbo za bandani alizitaka au hakuzitaka. Akasema siku ile ya Birmingham, Ellis alipoweka gitaa chini na kuondoka, yeye alishika kipaza sauti akawaambia watu kwamba jamaa amelewa tena, wakacheka ukumbi mzima, na wimbo ukaendelea. Ellis hakuwa amelewa siku ile. Piers alijua. Akasema ameimba maneno ya Ellis maisha yake yote, na alichotaka ni kumfanyia kazi moja ambayo haina makofi. Alilia mezani kwangu, mtu mzima na koti lake. Na banda nikamfungulia aingie mwenyewe. Hakuna nyimbo, Cuthbert. Kuna trei, sufuria ya chai na kiti.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Mbegu ya baba haipo hapa. Nimempa Piers vyungu vyote, hata kile chenye ufa. Aliondoka navyo kwenye treni, viwili vimekaa mapajani mwake mpaka Kent, aliniambia kwenye simu. Bado simwamini sana, mimi nawe tunanijua. Huenda atavimwagilia mno vikaoza, huenda mwakani nisisikie kitu. Lakini ameniuliza jinsi ya kufunga kola, na nimeona aibu kumwambia kwamba sijui.

Hapa hakuna aliye na habari. Jos na kamati bado wanaamini wanayoyaamini kuhusu Piers, ingawa nimewaambia si yeye, na wanadhani nimelegezwa na koti. Jina lako sikulitaja na sitalitaja. Lakini ukiitaka mbegu ya baba, anwani ya Piers nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mwandikie. Mwambie unaomba nini, na umwambie ni nani aliyezikata, kwa mkono wako mwenyewe. Halafu nenda Kent ukamfundishe lile fundo, kwa sababu duniani limebaki na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni wewe.

Nisalimie wifi Edna, mwambie sweta aliyonifumia imenikaa vizuri. Watoto wabusu. Krismasi uje kama ulivyopanga, kitanda chako kitakuwa kimetandikwa. Ukikohoa sana mwone daktari, usijifanye.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, hata leo,

Hilda Hepple