Pigo Moja la Ngoma Kubwa

Ohio, 9 Machi 1954

Dada yangu Hester,

Mimi mzima, na kwa ngoma kubwa bado sijapata mpinzani mjini hapa. Usicheke! Jana okestra yetu ilipiga muziki mpya wa Bwana Kroll, dakika nne tu. Mtu wa ajabu huyo: nusu ya wapigaji wanakwenda mbio, nusu wanajikokota, wala hawasubiriani. Mimi nina pigo moja la mwisho, filimbi ikinyamaza.

Mazoezini nilipiga kabla ya wakati mara mbili. Kiongozi wetu akafoka, "Orville, mzee mzima! Ukikosea tena utauza tiketi mlangoni!"

"Bosi, nilikuwa naijaribu ngozi tu." Watu wakavunjika mbavu.

Kwenye onyesho nilimkazia macho mpiga filimbi. Mabega yake yaliposhuka, nikapiga, na mtikisiko ukanipanda kutoka nyayoni hadi kifuani. Baadaye Bwana Kroll akanijia, midomo ikimcheza upesi mno. Nikampa penseli aniandikie, nikisingizia kwamba mimi msahaulifu. Akaandika: "Wewe peke yako uliungoja ule ukimya. Uliusikiaje?"

Nikacheka tu. Wewe nakwambia, na usimwambie mtu, maana wakijua, kazi imekwisha: tangu Krismasi sisikii kitu, nasoma midomo ya watu tu.

Lakini dada, hamu inaniua. Jumapili saa tisa mchana muziki ule utatangazwa redioni. Sikiliza, kisha uniandikie muziki wenyewe ulivyo, hasa pale mwisho. Usipige simu.

Kaka yako, bingwa wa ngoma,
Orville