Tepu Kando ya Mtoto

Jumamosi, saa nne asubuhi, mawingu bila mvua. Wechuli rafiki yangu, nakuandikia.

Nilikuwa sebuleni natengeneza kitanda cha mtoto. Nilihitaji urefu. Mtoto alikuwa amelala mkekani, nikanyoosha tepu kutoka utosini hadi kisiginoni.

Mama akaingia kutoka sokoni Sondu, mzigo ungali kichwani. Akapaza sauti: "Byron, nani amekufa?"

Nani amekufa! Na mtoto anapumua!

"Napima kitanda tu, Mama."

"Mtu aliye hai hapimiwi mbao! Huko chuo walikufundisha nini?"

Mke wangu Winny alikuwa jikoni. Alisikia neno moja tu: amekufa. Alikuja mbio, akaiona tepu, akaanguka magotini. Hakulia. Aliuliza, "Tena?"

Wewe ulikuwepo seremala alipompima kifungua mimba wetu ili amtengenezee jeneza. Tepu ililazwa vivyo hivyo. Nilisahau, Wechuli. Nilisahau kabisa.

Kisha mtoto akapiga chafya.

Mama amezipasua mbao zote, anapikia uji. Winny amemfunga mtoto kifuani kwa leso na amekataa kumshusha. Mimi nimeizika tepu nyuma ya nyumba.